Madoa meusi kwenye majani ya nyanya Dodoma: tunapulizia dawa ya ukungu bure, huyu ni bakteria. Lakini ni bakteria yupi?

#1 mkulima_veyula
Wakuu, salaam.

Nina nyanya hapa Veyula, zimeanza kutoa maua. Tangu mvua za Januari zishike, majani ya chini yamejaa madoa madogo meusi, na mengi yana duara la njano pembeni. Ukigeuza jani asubuhi kabla jua halijapanda, doa linaonekana limelowa maji. Likizeeka, katikati linakauka na kutoboka. Matunda machanga nayo yameanza kuota vipele vya kahawia vyenye gaga.

Dukani nilipewa dawa yenye mankozebu na metalaksili. Nimepulizia kwa ratiba, madoa yanazidi kupanda juu. Jirani alipewa dawa nyingine ya ukungu, na kwake hali ni hiyo hiyo.

Dai langu ni hili: hii si bakajani, ule ugonjwa wa ukungu. Ni bakteria, na ukanda huu wengi tunamwaga hela kwenye dawa zisizomgusa. Swali ni bakteria gani, na anatambuliwaje? Nataka kumjua kwa jina kabla sijapanda tena, kwa sababu nyanya ndiyo ada ya watoto wangu. Picha nimeambatisha.

#2 mzee_wa_zabibu
Mbukwenyi. Mvua ya Dodoma ikinyesha mfululizo, ukungu lazima. Zabibu zetu huku Mpunguzi zinashikwa na ubwiri vinyoya kipindi hiki hiki. Mimi nasema ni bakajani tangulia. Dawa ni sahihi, upuliziaji ndio wenye kasoro. Unafikisha dawa chini ya majani?

#3 dada_figiri
Shikamoo mzee. Kwa hili tutapishana. Bakajani tangulia, yule Alternaria, doa lake lina pete ndani ya pete na hukua kufikia sentimita moja au zaidi. Angalia picha ya pili: madoa ni ya milimita mbili tatu, pete hakuna, na yamebana kwenye mishipa ya jani mpaka yana pembe. Doa lenye pembe na lililolowa maji, akili inaenda kwa bakteria kwanza.

Metalaksili inafanya kazi kwa jamaa wa bakajani chelewa na ubwiri vinyoya. Bakteria haimfanyi chochote.

#4 chumvi_ya_hombolo
Mmesahau maji. Bwawa la Hombolo lilijengwa 1957, na sisi tunaolima pembeni yake tunaijua chumvi yake. Majani yanaungua, watu wanakimbilia dukani kununua dawa. Mleta uzi unamwagilia na maji gani?

#5 mkulima_veyula
Kisima. Ila tangu mvua zishike sijamwagilia kabisa.

#6 fundi_matone
Basi chumvi iwekwe pembeni kwa sasa. Chumvi inaunguza kingo na ncha za jani, tena majani ya zamani kwanza. Haipigi madoa yaliyotawanyika yenye duara la njano, na haileti gaga kwenye tunda.

Maji yenyewe lakini msiyaachie. Bakteria wa majani wanarushwa na matone. Mvua ya upepo, au keni unayomwagia juu ya majani, inamtoa kwenye doa hili na kumpeleka mmea wa pili. Anaingilia kwenye vitundu vya kupumulia vya jani na kwenye majeraha. Wanaotumia mipira ya matone chini wanapona zaidi kiangazi, ila mvua ikija wote tunalingana.

#7 kijana_wa_nala
Hiyo ni Ralstonia wakuu, nimeona video. Kata shina, ning'iniza kwenye glasi ya maji safi, usubiri dakika chache. Ukiona uzi mweupe wa maziwa unashuka, kesi imekwisha.

#8 dada_figiri
Kipimo ni cha kweli, mdogo wangu, ila umekipeleka kwa mtuhumiwa asiye wake. Ralstonia solanacearum analeta mnyauko bakteria: mmea unanyauka ukiwa bado kijani, mchana unalala, siku chache umekufa. Hapigi madoa kwenye majani. Mleta uzi hajasema mmea hata mmoja umenyauka.

#9 mpita_njia_dom
Kantangaze hiyo.

#10 dada_figiri
Kantangaze anachimba jani, anaacha utando mweupe na kinyesi cheusi ndani. Ukiliweka jani kwenye mwanga unamuona mdudu mwenyewe. Picha hazina hilo.

#11 mwalimu_chamwino
Nafundisha baiolojia sekondari. Hadubini ya shule inaweza kujibu nusu ya swali. Unakata kipande kidogo cha jani, nusu doa nusu kijani, unakiweka kwenye tone la maji safi, unafunika kwa kioo na kutazama mara mia. Kama ni bakteria, utaona wanamiminika kutoka ukingo uliokatwa kama moshi unaotoka jikoni. Kama ni ukungu, hakuna moshi, na kwa doa bichi unaweza kuona nyuzi au mbegu zake.

Hili halikupi jina. Linakupa kujua uko upande gani. Mkulima, ukiniletea majani mabichi nitafanya bila malipo, na wanafunzi wangu watajifunza kwa kitu halisi.

#12 mkulima_veyula
Asante sana mwalimu. Nakuja.

#13 sahani_ya_jeli
Nimefanya kazi maabara ya magonjwa ya mimea, Morogoro, niongeze kidogo.

Kwa nyanya yenye madoa hivi, mezani kuna watatu. Wa kwanza ni kundi la Xanthomonas, wanaoleta madoa bakteria. Wanapenda joto, kama nyuzi 24 hadi 30, na mvua. Gaga kwenye tunda ni tabia yao. Wa pili ni Pseudomonas syringae pv. tomato (pv. ni aina ndogo ndani ya spishi, kwa mmea anaoushambulia). Doa lake ni dogo zaidi na jeusi zaidi, duara la njano linaonekana wazi, na kwenye tunda anaacha vitone vyeusi vidogo visivyo na gaga kubwa. Huyu anapenda baridi, nyuzi 18 hadi 24. Wa tatu ni Clavibacter michiganensis, anayekausha kingo za majani, anapasua shina, na kwenye tunda anaacha doa jeupe lenye kiini cha kahawia, kama jicho la ndege.

Kwa macho, wa kwanza na wa pili wanafanana mno, hasa doa likiwa changa. Nimeona watu wa miaka mingi shambani wakitofautiana juu ya jani moja.

Maabara inaanzia hapa: unamwotesha kwenye jeli, unachukua koloni moja na kulikoroga kwenye tone la potasiamu haidroksaidi ya asilimia 3. Ikivutika kama mlenda, ni hasi kwa kipimo cha Gram, kile kinachogawa bakteria makundi mawili, yaani Xanthomonas au Pseudomonas anabaki kwenye orodha. Isipovutika ni chanya, na Clavibacter ni wa upande huo. Baada ya hapo, kwenye jeli ya King B, jamaa wengi wa Pseudomonas syringae wanang'aa chini ya taa ya urujuanimno. Xanthomonas hang'ai, yeye anatoa koloni la njano lenye ute.

#14 kijukuu_cha_mgogo
Mlenda umeingia maabara! Wagogo tulisema siku nyingi hiki chakula kina elimu ndani yake.

#15 mtani_wa_tabora
Mlenda hata kwetu upo, msijimilikishe. Endeleeni na nyanya.

#16 mama_hoho
Samahani wataalamu. Mimi nina hoho na nyanya zimepakana, Nzuguni. Hoho zangu zina madoa hayo hayo, na majani yanapukutika mpaka matunda yanabaki wazi yanaungua na jua. Je, ni yule yule au wawili tofauti?

#17 sahani_ya_jeli
Mama, swali lako lina uzito kuliko unavyodhani. Pseudomonas syringae pv. tomato hana shida na hoho kwa kawaida. Kama ugonjwa ni mmoja kwenye mazao yote mawili, mkono unaelekea kwa Xanthomonas.

Zamani hawa wote waliitwa kwa jina moja tu. Mwaka 2004 wakagawanywa kuwa spishi nne: X. euvesicatoria, X. vesicatoria, X. perforans na X. gardneri. Euvesicatoria anakula nyanya na hoho. Perforans alijulikana kwanza kama wa nyanya, ndiye mwenye sifa ya kutoboa jani kama alivyoeleza mleta uzi, ila hoho nazo amekutwa nazo.

#18 jina_kamili
Marekebisho kwa #17. Mgawanyo wa 2004 umeshapitwa. Baadaye waliolinganisha jenomu, yaani jeni zote za kila mmoja, waliona perforans na euvesicatoria ni spishi moja, kwa hiyo sasa utakuta X. euvesicatoria pv. perforans. Gardneri naye amehamishiwa kwa X. hortorum, anaitwa pv. gardneri. Anayesoma majarida ya zamani na mapya pamoja atadhani ni wadudu saba tofauti.

#19 mzee_wa_zabibu
Sasa hapo ndipo mnaponipoteza. Jina likibadilika kila mara, mkulima wa Mpunguzi linamsaidia nini? Nyanya inakufa chini ya majina yote.

#20 sahani_ya_jeli
Linakusaidia kwa mambo matatu ya shamba, mzee wangu. Ukijua ni wa nyanya na hoho, huwezi kubadilisha nyanya kwa hoho ukasema umezungusha mazao. Ukijua ni anayependa joto au baridi, unajua msimu wa kumuogopa: gardneri na vesicatoria wanavumilia ubaridi kuliko wenzao. Na mbegu inayotangazwa ina ukinzani, ukinzani wake ni dhidi ya nani? Kule Florida perforans alionekana 1991 na akaja kumsukuma euvesicatoria pembeni, maana anatoa sumu inayomuua mwenzake. Mbegu iliyokuwa na ukinzani kwa yule wa kwanza haikuwa kinga kwa huyu mpya.

#21 mzee_wa_zabibu
Hiyo ya kupigana wao kwa wao sikuijua. Nimekuelewa kwenye hoho. Kwenye ukungu bado nasimama pale pale mpaka hadubini iseme.

#22 keni_na_jembe
Mimi nilipulizia kopa moja kwa moja, ile mrututu. Msimu mmoja ilizuia, msimu uliofuata ikawa kama napulizia maji. Kama ni bakteria, mbona kopa imeshindwa? Ndiyo maana nadhani kuna kitu kingine.

#23 fundi_matone
Kopa kushindwa hakumsafishi bakteria. Sehemu nyingi duniani Xanthomonas wa nyanya wamezoea kopa, wana jeni za kuihimili. Tena kopa ni kinga ya juu ya jani, haiponyi doa lililokwisha kuingia. Kuchanganya kopa na mankozebu kunaongeza nguvu dhidi ya baadhi ya wale wagumu. Huenda ndiyo maana mwingine anapulizia mchanganyiko, akapata nafuu, kisha akasema "ulikuwa ukungu".

#24 boda_mkulima
Watu wangu wa Kibaigwa wanafungua kapsuli za antibiotiki, tetrasaiklini au ile OTC ya kuku, wanaweka kwenye solo ya kupulizia. Bakteria si bakteria?

#25 muuguzi_anayelima
Tafadhali sana msifanye hivyo. Natibu watu. Kila siku napambana na vidonda na mikojo ambayo dawa za kawaida zimegoma. Ukimwaga antibiotiki shambani unafundisha bakteria wa shamba zima kuizoea, na wanapeana jeni hizo wao kwa wao. Marekani walitumia streptomaisini kwenye nyanya na hoho miaka ya 1950, na Xanthomonas sugu wakatokea muda si mrefu. Halafu mboga hiyo hiyo unampikia mtoto. Tumia kilichosajiliwa na TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, kwa zao husika, basi.

#26 boda_mkulima
Nimekusikia dada. Nitawafikishia.

#27 kabichi_mpwapwa
Natoka nje ya nyanya kidogo. Kabichi zangu kingo za majani zinakuwa njano kwa umbo la V, ncha inaelekea ndani, na mishipa inakuwa myeusi. Nikikata shina kuna duara jeusi ndani. Dukani wameniambia ni upungufu wa naitrojeni.

#28 dada_figiri
Naitrojeni ikipungua, jani zima la chini linapauka. Haichori V wala kuweusisha mishipa. Huo ni uozo mweusi, Xanthomonas campestris pv. campestris. Anaingilia kwenye vitundu vya kingo za jani, pale umande unapotoka usiku, ndiyo maana V inaanzia pembeni. Katika magonjwa yote ya uzi huu, huu ndio ninaothubutu kuutaja kwa macho. Mtaalamu wa mimea Pammel alimuelezea kwenye mazao ya jamii hii kule Iowa mwaka 1895. Anasafiri ndani ya mbegu, na sukuma wiki, Chinese na figiri ni ndugu wa kabichi wote, usizipande hapo mwakani.

#29 kabichi_mpwapwa
Mbegu naweza kuitibu mwenyewe?

#30 fundi_matone
Maji ya moto nyuzi 50 kwa dakika 25, kisha unaipoza kwenye maji baridi na kuianika kivulini. Kipimajoto ni lazima. Nyuzi zikizidi unaua mbegu, zikipungua unamkanda bakteria. Chupa nzuri ya chai inashika joto kwa muda huo, ila ipashe kwanza kwa maji ya moto. Jaribu kwa mbegu chache uone uotaji. Mbegu iliyopakwa rangi ya dawa usiiguse.

#31 mwalimu_chamwino
Majibu. Mkulima alikuja na majani, tumekata madoa machanga kutoka mimea tofauti. Karibu yote yamemiminika, wanafunzi walipiga kelele. Madoa mawili makubwa ya majani ya chini kabisa hayakumiminika, na hayo yana pete hafifu.

#32 kijana_wa_nala
Bakteria kashinda! Mzee wa zabibu toa soda.

#33 mzee_wa_zabibu
Soma vizuri. Yenye pete yapo. Ukungu wangu haujatoka shambani. Soda itatoka nusu.

#34 dada_figiri
Mzee ana hoja. Jani lililodhoofishwa na bakteria linashambuliwa kirahisi na Alternaria. Shamba linaweza kuwa na wote wawili, na dawa ya dukani ikatibu mmoja tu.

#35 mkulima_veyula
Nimepeleka sampuli maabara pia. Wamenipa picha za awali: kwenye sahani moja kuna koloni za njano, nyingine zimeng'aa kwenye King B. Kwa hiyo ni Xanthomonas au Pseudomonas? Nimechanganyikiwa kuliko mwanzo.

#36 keni_na_jembe
Njano ni Xanthomonas, si alisema #13?

#37 sahani_ya_jeli
Nilisema Xanthomonas ni wa njano, sikusema kila cha njano ni Xanthomonas. Pantoea anaishi juu ya majani na ni wa njano pia. Anakua haraka, kesho yake ameshajaa, wakati Xanthomonas anachukua siku mbili hadi tatu. Pantoea anaweza kuishi bila oksijeni, Xanthomonas hawezi, hivyo kipimo cha glukosi kinawatenganisha. Ukikata doa lililokufa badala ya ukingo wa doa bichi, unamvuna Pantoea.

Wanaong'aa nao hawahukumiwi kwa kung'aa. Pseudomonas wengi wanang'aa na hawana kosa, wanakaa tu kwenye jani na udongo. Wa kundi la syringae ni hasi kwa kipimo cha oksidesi, na ukidunga mchuzi wake mzito kwenye jani la tumbaku, sehemu hiyo inaanguka ndani ya saa 24. Muulize maabara kama wamefika huko.

#38 mtani_wa_tabora
Tumbaku? Sasa mmefika kwetu. Urambo tunayo ya kutosha, semeni tuwatumie mche.

#39 jina_kamili
Hata tumbaku ikianguka, bado. Kanuni za Koch zinadai umrudishe kwenye nyanya yenye afya, upate madoa yale yale, kisha umtoe tena uone ni yeye. Mwishoni mwa miaka ya 1890 Alfred Fischer wa Ujerumani alikataa kabisa kwamba bakteria wanaugua mimea, na Erwin F. Smith wa Marekani akamjibu hoja kwa hoja, kwa majaribio ya aina hii hii. Smith ndiye aliyeshinda. Vipimo vya jeni ni vya haraka, lakini vinakuambia aliyepo, si lazima aliyefanya.

#40 chumvi_ya_hombolo
Samahani kurusha neno: "bakteria wanaugua mimea" umegeuza, mimea ndiyo inaugua. Na mimi bado nasema kisima kipimwe. Mmea wenye msongo wa chumvi unapukutisha majani hata kwa ugonjwa mdogo.

#41 jina_kamili
Kweli, bakteria wanaugulisha. Asante.

#42 mama_hoho
Mimi nashangaa baridi. #13 kasema Pseudomonas anapenda nyuzi 18 hadi 24. Januari Dodoma mchana ni joto, lakini usiku wa mvua, kwenye mwinuko huu wa zaidi ya mita elfu moja, unajifunika blanketi. Kwa hiyo naye ana nafasi?

#43 sahani_ya_jeli
Anayo, ndogo kwa Januari, kubwa zaidi kwa wanaomwagilia Juni na Julai. Ila hoho zako zinaendelea kunivuta kwa Xanthomonas. Sitaweka sahihi mpaka vipimo vya oksidesi na glukosi vije.

#44 fundi_matone
Mkulima, swali ambalo hakuna aliyekuuliza: wewe na jirani mbegu mlinunua pamoja, au miche mlitoa kitalu kimoja? Kama kitalu ni kimoja, nenda kaangalie miche iliyobaki na mnavu, ndugu wa nyanya, unaoota pembeni yake.

#45 mkulima_veyula
Miche tulitoa kitalu kimoja. Mbegu kila mtu na yake. Mnavu upo mwingi, nitapita kesho nichume majani yenye madoa kwa ajili ya mwalimu. Dada figiri, sampuli ya kurudia maabara nifungeje?

#46 dada_figiri
Chagua majani yenye madoa machanga, yaliyolowa maji, si yaliyokauka. Usipulizie chochote kwanza. Kunja kwenye gazeti kavu, kisha mfuko, usiongeze maji, usiache juani wala kwenye dashibodi. Andika zao, sehemu, tarehe na dawa ulizopuliza. Peleka mwanzo wa wiki isilale ofisini Jumamosi na Jumapili. Chukua na mmea mmoja usio na dalili, watauhitaji.

#47 mama_hoho
Na hoho zangu zipitie hapo hapo. Nitakuwa soko la Majengo Jumamosi asubuhi, upande wa matenga ya nyanya. Mkulima, tupeleke kwa pamoja tugawane nauli.